Aliyeingia Kinyumenyume

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeegemea madirisha ya hospitali, na kila aliyepita ukumbini alionekana kama anatembea usingizini. Mtunza stoo alifungua kabati la vifaa vya moyo, akapiga yowe. Valvu, kile kilango cha chuma ambacho mgonjwa wa saa tatu angewekewa moyoni, haikuwapo. Ya saizi yake ilikuwa hiyo hiyo moja.

Mpelelezi aliyeitwa alikuwa mama wa makamo. Wenzake walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kumkatiza mtu maneno. Alisimama mlangoni, akanong'ona, "Mola, nionyeshe," ndipo akaingia.

"Ufunguo wa kabati anao nani?"

"Mimi, mama. Hautoki kwangu."

"Hata kidogo?"

Mtunza stoo akajikuna kisogo. "Alfajiri nilifuata chai. Niliuacha kwenye kitasa."

"Basi ulitoka kwako."

Wote walimnyooshea kidole mume wa mgonjwa, maana jana alifoka hadharani kwamba mkewe hapasuliwi. Taratibu alimkuta kwenye benchi, macho mekundu.

"Mwanangu, umeiba?"

"Ningeiba mke wangu nikamrudisha nyumbani! Hicho kidude cha nini?" Akainamisha kichwa. "Wanasema akiwekewa chuma, atameza dawa za kuifanya damu iwe nyepesi maisha yake yote. Mimba itakuwa hatari kwake. Na sisi hatujajaliwa mtoto bado."

Sababu ya kuiba alikuwa nayo. Lakini mlinzi wa lango aliapa kwamba alimzuia nje mpaka kulipopambazuka.

Mgonjwa alikuwa kitandani, chumba kinachotazamana na stoo, amechomwa sindano ya kumtuliza. Sauti yake ilielea.

"Nimeona malaika, shangazi."

"Yukoje?"

"Ameingia stoo kinyumenyume. Kausukuma mlango kwa mgongo, mikono mitupu kaiinua kama anaomba dua. Akatoka na kiboksi kifuani, kakipakata kama kichanga."

Nesi akacheka. "Hiyo sindano, mama. Juzi mmoja aliniposa."

Taratibu hakucheka. Mwenye mikono mitupu hufungua mlango kwa mkono. Ni nani aliyezoea kutougusa?

Akaketi ukumbini, akatazama watu wakipita milangoni. Wahudumu walisukuma kwa viganja, mpishi kwa goti. Kisha daktari mpasuaji akaitwa kwa mkuu wa hospitali. Akageuka, akausukuma mlango kwa mgongo, mikono juu, kama aliyenawa tayari kwa upasuaji, na wala hakuwa amenawa. Wauguzi wa upasuaji nao wana mazoea hayo, ila tangu alfajiri walikuwa ndani na mgonjwa mwingine. Taratibu akamfuata ofisini.

"Daktari, iko wapi?" aliuliza kwa upole.

Daktari akaishusha mikono yake.

"Kwenye kabati langu la nguo. Haijafunguliwa."

Mkuu akaruka kitini. "Wewe? Unajihujumu mwenyewe?"

"Nilikwambia siwezi peke yangu, mzee, ukasema naogopa. Valvu aliyozaliwa nayo inaweza kushonwa, ikabaki yake. Mwalimu wangu ameshona mamia. Mimi nimeshona mbili, tena yeye akiniongoza. Nikiwa peke yangu nitaishia kuikata na kuweka chuma. Mwalimu anarudi Jumatatu."

"Mgonjwa anaweza kusubiri?" Taratibu aliuliza.

"Anaweza. Vipimo vya jana vimeonyesha."

"Kila mkono mzoefu ulianza ukiwa mgeni," mkuu akasema. "Nisipokupa wa tatu, wa mia utamtoa wapi?"

"Nipe. Lakini mwalimu awe pembeni yangu."

Wakatazamana. Wote wawili walisema kweli.

"Wizi ni wizi, na nitauandika hivyo," alisema Taratibu. "Lakini mwenye moyo hajaulizwa."

Wakaenda wote, na mume akaitwa. Daktari alieleza kila kitu, hata kwamba ameshona mbili tu. Mgonjwa, usingizi ukimtoka taratibu, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umeona rahisi kuiba kuliko kuniambia huwezi?"

"Niliona haya."

"Nyie watu wa kusoma!" Akaushika mkono wa mumewe. "Nitasubiri Jumatatu. Nawe uwepo, daktari. Ukae karibu na mwalimu wako, utazame kila mshono. Atakayekuja baada yangu huenda moyo wake usiweze kusubiri."