Kushoto Kumelala

Kila siku akitoka shule, binti yangu hubadili sare, huosha vyombo, kisha huketi karibu na cherehani yangu na hedifoni zake. Tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa.

Hedifoni alipewa na mjomba wake, kuukuu, zenye sauti kali kama bati linalokwaruzwa. Kitinda akazifungua kwa bisibisi. Nyuma ya kila spika palikuwa patupu.

"Mama, humu sauti inarudi kama kwenye chumba kisicho na vitu," aliniambia. "Nikiweka kitu laini itatulia."

Akachukua mabaki ya sponji ninayoshonea mabega ya makoti, akakata miduara miwili, akaishindilia ndani pamoja na pamba kidogo. Kweli, ukali ukaisha, ngoma zikasikika nzito. Niliwaringia majirani kwamba nimezaa fundi.

Lakini sponji ilififisha sauti, naye akaipandisha. Nikiwapo nyumbani, alisukuma kikombe cha hedifoni cha upande wa kulia nyuma ya sikio ili anisikie nikimwita. Kelele yote ikabaki kushoto, kuanzia saa kumi hadi chakula cha jioni, muhula mzima.

Ikafika mahali nikimwita kutoka upande wa kushoto haitiki. Nami nilicheka. "Sikio la kufa halisikii dawa," nilisema, na dada yake akadakia, "Hodi, Bi Kiziwi, kuna mtu?" Kitinda naye alicheka. Ukawa ndio utani wa nyumba yetu.

Siku moja akaniambia, "Mama, kushoto kumelala."

Akapunguza sponji ya kushoto. Kesho yake akaitoa yote na pamba yake. Kisha akaziba matundu ya kikombe cha kulia kwa plasta ili kisikishinde kile cha kushoto. Bado.

"Spika inakufa," alisema, machozi yakimlengalenga. Tukazipeleka kwa fundi redio.

Fundi alizivaa, akakunja uso. "Nani kazichokonoa hizi? Kushoto kunapiga kelele, kulia kumenyamaza."

"Hapana, babu. Kushoto ndiko kumelala."

Fundi akazigeuza. Akamvalisha kinyume, kikombe cha kulia kikakaa sikio la kushoto. "Na sasa?"

"Kushoto vilevile."

Fundi akazivua taratibu, akaziweka mezani. "Mama Kitinda," akasema, "spika ingekuwa mbovu, ubovu ungehamia kulia. Chombo hiki ni kizima."

Nikamuuliza mwanangu ameanza lini kusikia hivyo.

"Tangu mwanzo wa muhula," alijibu akitazama sakafu. "Sikio lilikuwa linalia kama mbu. Niliogopa mtaninyang'anya. Halafu mlikuwa mnacheka, nikadhani si kitu."

Daktari wa masikio alimpima kila upande. Sikutaka anichagulie maneno, naye hakunichagulia. Alisema ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, na vikishakufa kwa kelele havioti tena. Hakuna dawa ya kuvirudisha.

"Tutalinda la kulia," alisema, kisha akamgeukia Kitinda. "Wewe ulikuwa unarekebisha chombo kumbe anayepima ndiye anayeumwa. Sikio likilia kama mbu, zima, na useme siku hiyohiyo. Usisubiri lilale."

Fundi alirudisha sponji sawasawa pande zote mbili, akabandua plasta. Hakutaka malipo. Alisema hajapata kusikia hedifoni zilizotulia namna ile. Zimening'inia msumarini. Kitinda huzivaa nusu saa, sauti chini, kisha huzirudisha bila kuambiwa.

Nami nimehamisha cherehani, nakaa kulia kwake. Methali ile siisemi tena. Ninyi mnaosoma, mkisikia mlio masikioni, mwambieni mama leo, hata kama anacheka. Na akicheka, mwambieni tena.