Nyota za Kipepeo

"Wifi, achia huo waya!"

Jamani, hebu fikirieni... nafungua mlango wa stoo, namkuta mke wa kaka yangu kachuchumaa nyuma ya mashine zangu, anachomoa nyaya.

Seva ya mafaili ilishazimika. Hiyo ndiyo iliyobeba kila mada ya jukwaa letu la mtandaoni, jukwaa la watu wanaouguza wagonjwa nyumbani. Wanachama wote nje.

"Nilikuomba ufute ile mada, ukakataa," akasema.

"Mada yenyewe ina nyota kuliko zote!"

"Na mguu wa mama una nini?"



Niwarudishe nyuma kidogo. Wanachama wangu walikuwa wavivu kupima mada, nikawawekea zawadi. Ukiipa mada nyota, unapata pointi. Pointi zikizidi, nyota zako zinakuwa na uzito zaidi wa kuipandisha mada juu, na jina lako linavishwa taji. Loo, watu walizigawa nyota kama pipi.

Wiki iliyopita mama akamwagikiwa chai ya moto mguuni. Wifi kwa kuchanganyikiwa akakimbilia jukwaani kwangu, akafuata mada ya juu kabisa: paka dawa ya meno. Mada ya muuguzi, iliyosema mwagia maji safi ya bomba kisha uwahi hospitali, ilikuwa chini huko, haina nyota hata moja.

Kidonda kikatunga usaha. Lawama zote zikamwangukia wifi.

Kaka akatokea nyuma yangu.

"Umemuumiza mama yangu. Sasa unaharibu na kazi ya mdogo wangu?"

"Mume wangu, nisikilize..."

"Fungasha."

Wifi akapita katikati yetu, akaenda kukunja nguo zake. Na mimi, Mungu anisamehe, sikumtetea.

Nikarudi kwenye mashine, nikachomeka nyaya. Seva ya mafaili lazima itangulie. Ukianza na seva ya jukwaa lenyewe, linafunguka tupu. Nikasubiri taa ya kijani, nikawasha ya pili.

Jukwaa likarudi. Ujumbe uliokwama ukaanza kutoka, ukiwemo wa kumpongeza bingwa wa pointi, mtu anayejiita Kipepeo. Nyota zake nzito ndizo zilizoipandisha mada ya dawa ya meno.

Simu ikalia chumba cha pili... chini ya mto wa mama.

Nikaingia, nikaitazama. "Hongera, Kipepeo!"



"Mama... Kipepeo ni wewe?"

"Mwanangu, magoti haya hayanipeleki popote. Nashinda humu nabonyeza nyota. Nimepata taji?"

"Hizo mada ulikuwa unazisoma?"

"Maandishi madogo vile, nitayaonea wapi?"

Kaka, aliyekuwa amenifuata, alikaa chini sakafuni. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na begi lake, kasikia kila neno.

Akaliweka chini. Akanawa mikono, akaanza kumsafisha mama kidonda kama alivyoelekezwa hospitali. Hakututazama.

Pointi nimezifuta, na mada ya muuguzi sasa iko juu. Wapendwa, kabla hujabonyeza nyota, soma. Unachokisifia bila kukisoma, kuna mtu atakwenda kumpaka mama yake.

Kaka ameomba msamaha, nami pia. Wifi alisema, "Yameisha." Lakini begi bado liko pale mlangoni, na hajalifungua.