Muwasho Uliotaka Kuvunja Nyumba ya Dobi

"Usinishike."

"Sijakushika. Natafuta soksi."

"Basi itafutie upande wako."

Msusi alijivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, miguu ameibana. Muwasho ulikuwa umerudi, ule ule, na uchafu wake mweupe mzito, na moto kila akienda haja ndogo. Alikuwa amechoka nao mpaka basi. Saluni anasuka wateja amesimama, anasaga meno, anajipindapinda nyuma ya kiti, na wateja wanadhani anacheza muziki wa redioni. Anameza dawa, unapoa, anashukuru Mungu, anajisahau kidogo tu, huo tena.

Na jana muuza dawa alimmaliza kabisa. Alimwangalia kwa huruma, akasema, "Dada, haya hayaji yenyewe. Kuna mtu anakuletea."

"Nijibu kitu kimoja," Msusi alimwambia mumewe. "Huyo mwanamke wako ana nini?"

Dobi alibaki na soksi moja mkononi.

"Mwanamke gani?"

"Anayekupa haya unayoniletea humu ndani."

"Mke wangu, mimi nikitoka hapa naenda kufua. Nikitoka kufua narudi hapa. Huyo mwanamke nitampatia wapi, ndani ya beseni?"

"Endelea na utani wako. Kaka yangu nimeshamwambia. Leo anakuja kunichukua."

Soksi ilianguka. Dobi hakuiokota. Alivaa viatu bila soksi, akatoka, na mlango akaufunga polepole, jambo lililomuudhi Msusi kuliko kama angeubamiza.

Simu ikalia. Ujumbe wa kaka mtu: "Nimepata pikapu. Mchana nitakuwa kwa huyo mshenzi. Tuonane dukani kwake, nataka anieleze uso kwa uso."

Msusi akaona asiende mikono mitupu. Alitaka majibu ya daktari, amtandike nayo Dobi mbele ya kaka yake, aone atachomokea wapi.

Daktari alikuwa mama wa makamo, wa maneno machache. Alimpima, akachukua sampuli, akapima na sukari. Majibu yalipotoka akamwita.

"Sukari yako nzuri. Una fangasi."

"Wametoka kwa mume wangu."

"Nani kakwambia?"

"Muuza dawa."

"Alikupima?"

"Aliniangalia tu usoni."

"Kumbe fangasi wako wako usoni."

Msusi akakunja uso. Hakuja kutaniwa.

"Sikiliza, binti yangu. Hawa wanaishi mwilini mwetu siku zote. Hata msichana ambaye hajawahi kuguswa na mwanamume anaweza kuwapata. Wakizidi ndipo tabu inaanza. Si ushahidi kwamba mtu ana hawara. Kila ukiwashwa ulikuwa unameza nini?"

"Antibayotiki. Ananiuzia huyo huyo."

"Hiyo haiui fangasi. Inaua wale bakteria wazuri wanaowazuia. Umewafukuza walinzi, wezi wanafanya sherehe. Nitakupa dawa ya fangasi yenyewe, ya kuweka ukeni, na umalize hata ukijisikia mzima. Wakirudi, unarudi kwangu, si kwake. Lakini kuna kingine. Ngozi ya nje imeungua. Unajisafishia nini?"

"Maji matupu. Nishaacha hata sabuni."

"Na nguo za ndani unafulia nini?"

Msusi akatikisa kichwa. Tangu aolewe hajafua hata kitambaa cha mkono.

"Sifui mimi. Mume wangu ni dobi."

"Mpigie. Weka sauti ya juu."

Simu iliita, ikapokelewa katikati ya ngurumo za mashine.

"Dobi, nguo zangu za ndani unazifulia nini?"

"Kwa nini unauliza?"

"Daktari anataka kujua. Yuko hapa anakusikia."

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Jibu swali."

"Nazitenga," Dobi alisema, sauti imepungua. "Nazichemsha na ile dawa ya kuulia vijidudu, ya mashuka ya hospitali. Halafu nazilowesha kwenye dawa ya kulainisha, ile ya marashi, ya mataulo ya hoteli."

"Unasuuza?"

"Nikisuuza si dawa itatoka yote? Naacha ikaukie humo humo. Na kila akilalamika, naongeza kidogo."

Daktari akafumba macho.

"Baba, unamuunguza mkeo. Sabuni ya kawaida isiyo na marashi, usuuze mpaka maji yawe meupe, uanike juani. Basi."

"Ndiyo, daktari."

"Kwa nini hukuniambia?" Msusi alifoka.

"Ningekwambia nini? Kwamba nachemsha nguo zako? Ungesema nakuona mchafu."

Simu ikakatika. Msusi alikaa pale, hasira zimejaa na hana wa kumtupia.

Alipofika dukani, pikapu ilikuwa imeshaegeshwa mlangoni. Kaka yake alisimama katikati ya mafurushi ya nguo, vidole viwili vikiwa inchi moja tu kutoka kwenye pua ya Dobi. Dobi alikuwa anapiga pasi shati la mteja. Wateja wawili walijifanya wanatafuta risiti.

"Anakataa kusema," kaka mtu alifoka. "Mtaje huyo mwanamke, shemeji, au nikutajie mimi."

"Kaka, hakuna mwanamke."

"Usimtetee. Wewe mwenyewe ulinililia kwenye simu."

Uso wa Msusi ulimuwaka. Angeweza kusema tumepatana, yakaisha. Lakini Dobi angebaki malaya machoni pa shemeji yake maisha yote, na yeye ndiye aliyemvika hilo jina.

"Nina fangasi," akasema. "Ukeni. Wananisumbua muda mrefu, na nikakosa wa kumlaumu. Nilimsingizia mume wangu."

Kaka yake akaangalia dari. Mteja mmoja akapata risiti yake ghafla.

Dobi akaiweka pasi pembeni.

"Rudia."

"Nina fangasi. Unataka nikatangaze sokoni?"

"Hilo nimelisikia. La mwisho."

"Dobi, usinichoshe, leo nimechoka."

"Na mimi nimeamka naitwa malaya. Nimekufulia mpaka mikono imebabuka, nikidhani nakuponya." Alielekeza kidole kwa shemeji yake. "Rudia, asikie."

Msusi alimwangalia ile mikono, imechubuka kila kidole. Hasira zikamtoka zote kwa mara moja, zikaacha aibu.

"Mume wangu hana mwanamke mwingine," alisema, kwa sauti iliyovuka mlango. "Ana mke mmoja, mwenye mdomo. Nisamehe."

Dobi akavuta kiti, akampangusia kwa kiganja.

"Kaa. Umehangaika tangu asubuhi."

Msusi akakaa. Kaka yake akatoka nje bila kuaga, akawasha pikapu, akaondoka nayo tupu.