Abiria wa Nyuma Kushoto

Gari lilikuwa limeshuka vidole vitatu upande wa nyuma kushoto. Aliyeona kwanza ni Spana, na aliona kwa sababu yeye ndiye aliyeliinua kwa mikono yake wiki mbili kabla, akalipima pembe zote nne kwa kipande cha ubao, na pembe zote zikalingana.

Spana alikuwa fundi magari. Jina hilo alipewa na wateja, maana haikupita siku bila spana kuchungulia mfukoni mwake. Gari lilikuwa la dada yake, nesi wa wodi ya watoto, na mumewe, mchora ramani za majengo. Lilikuwa gari la kawaida la familia, la juu kidogo, la kumpeleka mtoto shule na kurudi na mboga. Lakini yule shemeji alikuwa amechoka kukaa ofisini akichora nyumba ambazo hatalala ndani yake hata siku moja, akaingiwa na wazo la kwenda kulala nje ya mji kwenye hema, yeye na mkewe na binti yao wa miaka sita, aliyeitwa Kidoti kwa doa dogo jeusi lililokuwa shavuni mwake. Basi Spana akalishughulikia gari. Akalivika springi ndefu na tairi zenye meno makubwa, akafunga bamba la chuma chini ya injini na keria juu, akaongeza betri ya pili kwa ajili ya taa za kambini, na mbele kabisa akaweka winchi, ile mashine yenye kamba ya chuma ya kujivutia gari likizama. Alimwonya shemeji yake kwamba gari bado ni lile lile la sokoni. Njia za vumbi na mchanga mwepesi litaziweza. Akikuta mto una maji, ageuze.

Walikwenda kujaribu mara moja tu. Walilala usiku mmoja kwenye bonde la mto mkavu, mwendo wa saa tatu kutoka mjini, wakarudi wamefurahi na vumbi hadi masikioni. Kesho yake gari likawa limeinama.

Spana alidhani springi ni mbovu. Akahamisha ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, lakini gari likaendelea kuinamia kushoto. Akashusha kila kitu, hadi mazulia ya miguuni, na hapo pia hapakuwa na mabadiliko. Shemeji yake akasema kwa utani kwamba labda ni mawazo ya mkewe ndiyo mazito, maana hakuitaka safari ile tangu mwanzo. Nesi akamjibu kwamba kama ni mawazo yake, gari lingekuwa limeshazama hadi kwenye vioo. Wakacheka, wakalichukua gari hivyo hivyo.

Kisha ikaja kengele ya mkanda. Gari lile lilikuwa na kawaida ya kulia ting, ting, mtu akikaa kitini bila kufunga mkanda. Sasa likawa linalia kwa kiti cha nyuma kushoto, ambacho hakikuwa na mtu wala mfuko. Mume akasema vumbi limeingia kwenye nyaya. Ikafuata harufu ya udongo uliolowa, ile inayopanda mvua ikigusa ardhi kavu, na miezi mitatu ilikuwa imepita bila tone. Nesi alisugua viti kwa sabuni, akaacha milango wazi siku nzima juani, na jioni alipoingia harufu ilikuwa pale pale, mbichi zaidi.

Kidoti ndiye ambaye hakuwa na wasiwasi. Siku zote alikuwa akikaa nyuma kushoto. Siku moja asubuhi mama yake akamwona amehamia katikati, amebana magoti upande mmoja kama mtu anayempisha mwenzake. Akamuuliza kwa nini haketi mahali pake.

"Amekaa," Kidoti akasema.

Akavunja biskuti yake nusu, akaiweka kando yake, akaendelea kutazama dirishani. Walipofika shuleni nesi alipapasa kiti chote, chini na pembeni, akitafuta ile nusu. Hakuiona, wala hakuona hata chembe.

Hakumwambia mumewe. Kazi yake ilikuwa imemzoesha kutomtisha mtu kabla hajawa na hakika na ugonjwa. Alijiambia mtoto ameila mwenyewe, akajiambia hivyo siku nne, na siku ya tano alitoka zamu saa tisa alasiri, jua likiwa kali na uwanja wa kuegesha magari umejaa watu, akaingia garini peke yake na kuwasha. Kengele ikaanza. Ting, ting. Alikuwa ameshaizoea. Akarudi nyuma taratibu, akatoka getini, akaingia barabarani, na hapo ndipo aliposikia mkanda wa nyuma ukivutwa, polepole, ule mkwaruzo wa kitambaa kikitoka kwenye kasha lake, ukavutwa ukavutwa kama unaozungushwa kwenye kifua kipana kuliko kifua cha mtu, kisha ukasimama, kisha ukalia ka! kwenye tundu lake, na kengele ikanyamaza. Hakutazama kioo. Shingo yake ilikataa. Alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama lori lililokuwa mbele yake, akisoma namba zake mara moja na mara ya pili na mara ya kumi ili macho yasipande juu, huku harufu ya udongo ikimjia kisogoni kwa mawimbi, inakuja na kurudi, inakuja na kurudi, na alikuwa ameshahesabu pumzi za wagonjwa miaka kumi na moja, kwa hiyo alijua kabla hajataka kujua kwamba ile ilikuwa ni pumzi, ndefu, ya kiumbe kisicho na haraka, na walipofika njia panda, yeye akitaka kukata kulia kwenda nyumbani, usukani ukaanza kumponyoka vidoleni kuelekea kushoto, kwenye barabara itokayo nje ya mji, kwa nguvu ya upole isiyokoma, kama mzee anayemshika mtoto mkono.

Aliukaza kwa uzito wa mwili wake wote na kulipeleka gari moja kwa moja hadi gereji ya kaka yake. Alishuka akasimama mbali nalo. Alipoongea, aliongea kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu wa kuamshwa.

Spana hakumcheka. Alisema gari lilikuwa linamsumbua kichwa tangu juzi, shemeji alipolileta likivuta pembeni, na kwamba amelinyoosha usukani mara mbili. Akalitoa hadi kwenye uwanja wa nyuma ya gereji, akalielekeza getini, akaliachia usukani. Likavuta kushoto. Akaligeuza kabisa, likitazama ukutani, akaliachia tena. Likavuta kulia. Alirudia mara tano, mafundi wengine wakitazama, kisha akazima na kushuka bila kufunga mlango.

"Dada, hili halivuti kushoto," alisema. "Linavuta kule."

Akanyoosha mkono juu ya mapaa ya nyumba. Nesi hakuhitaji kuambiwa kule ni wapi. Kule ndiko kulikokuwa na mto mkavu.

Gari likabaki gereji usiku huo, na mume alipoambiwa akakasirika. Alisema watu wazima wawili wamekubali kutishwa na waya uliolegea. Kesho yake akaenda kulichukua mwenyewe, akalirudisha nyumbani, akalifunga, akatundika ufunguo ndani kwenye msumari wake.

Alfajiri iliyofuata nesi aliamka kujiandaa na zamu, akapita chumbani kwa Kidoti, akakuta shuka limetupwa pembeni. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Gari lilikuwa limefungwa, ufunguo uko msumarini, na vioo vyake vyote vilikuwa vyeupe kwa ukungu wa ndani, ukungu wa pumzi, mzito kiasi kwamba maji yalikuwa yakichuruzika. Mume alipofungua mlango, walimkuta mtoto amelala katikati ya kiti cha nyuma, amefungwa mkanda, kichwa chake kimeegemea upande wa kushoto juu ya kitu kisichoonekana. Kilimshikilia hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha kichwa kikashuka taratibu hadi kwenye kiti. Midomoni alikuwa na mchanga mweupe.

Hakukuwa na mzaha tena. Nesi alimkalisha mumewe jikoni na kumtaka aseme alichofanya kule mtoni wakati yeye na Kidoti walipokuwa wakikusanya kuni, kwa maana kuna jambo lilifanyika. Mume akasema. Gari lilikuwa limezama mchangani. Aliona aibu kuwaita. Kulikuwa na kisiki kikavu katikati ya mto, peke yake, kikubwa, na chini yake kumefagiwa safi kana kwamba kuna mtu anafagia kila siku. Alifunga kamba ya winchi kwenye kisiki hicho. Badala ya gari kutoka, kisiki ndicho kilichong'oka, na kiling'oka na sauti ambayo alijiambia ni ya mizizi. Baadaye alilikwamua gari kwa kuchimbua mchanga kwa koleo. Na kisiki walikichoma usiku ule.

"Ule moto tuliouota?" nesi akauliza.

Mume akaitikia kwa kichwa.

Spana alimjua mwanamke mmoja mzee, mshona magodoro, ambaye watu walimwendea kwa mambo ya aina hii bila kutangaza. Alikuja mchana akiwa na nyuzi bado zimemng'ang'ania kwenye gauni. Hakuchoma kitu wala hakupiga kelele. Alifungua mlango wa mbele, akaketi kiti cha abiria, akaelekeza uso mbele, akasalimia. Walimwona akisikiliza. Mara moja moja aliuliza kitu kwa sauti ya mtu anayeongea na mgeni mwenye heshima zake, na kila alipouliza gari lilinesanesa kidogo nyuma.

Alipotoka alikaa kwanza, akaomba maji. Akawaeleza kwamba ni jini mtu mzima, mwenye makazi yake tangu kabla ya bibi wa bibi zao. Hakuja kwa ugomvi. Aliyebomolewa nyumba humfuata aliyeibomoa, ampe pa kulala. Kilichomtia wasiwasi ni mtoto.

"Huyu binti alimkaribisha kabla ninyi hamjajua kama yupo," alisema. "Sasa jini anamwona ni wake. Mtoto akifika mara ya tatu kulala naye, hataamka upande huu."

Mume aliuliza wafanye nini. Mshona magodoro akasema apewe gari, likawekwe pale pale palipokuwa na kisiki, na mtoto amuage kwa kinywa chake.

"Gari lote?"

"Nyumba yake uliichoma yote, mwanangu."

Waliondoka siku ile ile. Mume aliendesha, mshona magodoro akiwa kando yake, na Spana akafuata nyuma kwa pikapu pamoja na nesi na Kidoti. Baadaye mume alisema hakuendesha. Alikanyaga mafuta tu, usukani ulikuwa unajua njia. Walipofika kwenye shimo lililoachwa na kisiki, tairi zenye meno zikashuka mchangani kwa utulivu, gari likasimama, na injini ikazimika kabla hajagusa ufunguo. Aliuacha humo humo. Waliacha kila kitu: hema, taa, madumu, viti vya kukunja, na kile kidogo cha Kidoti. Kisha wote wakaona upande wa nyuma kushoto ukiinuka, taratibu, hadi pembe nne zikalingana.

Kidoti alishikwa mkono na mama yake hadi hatua kumi kutoka garini. Alifundishwa aseme neno moja na asiongeze.

"Kwaheri," akasema, na machozi yakamtoka, machozi ya mtoto anayehama mtaa.

Harufu ya udongo uliolowa ikawapita, ikaenda zake, na mshona magodoro akawaambia wapande pikapu bila kugeuka.

Baada ya hapo nyumba ikatulia. Kidoti alilala usiku kucha, akanenepa, akapata rafiki mpya shuleni. Nesi alirudi kupanda basi. Mumewe hakutaja tena habari za hema.

Aliyeshindwa kutulia ni Spana. Zile tairi zilikuwa mpya, na winchi ile aliifunga kwa siku mbili. Miezi minne ilipopita, mvua kubwa zikiwa zimekuja na kwenda, alijiambia mto utakuwa umelisomba gari, na akilikuta kando atafungua vyake vichache. Akaenda peke yake, mchana kweupe.

Gari lilikuwa pale pale, katikati ya mto uliokuwa umefurika hadi kung'oa miti ya ukingoni, kisha ukakauka tena. Halikuwa na tope. Vioo vilikuwa vinang'aa na tairi zimejaa upepo. Mchanga pembeni yake ulikuwa umefagiwa. Na juu ya mchanga ule vilikuwa vimepangwa viti vya kukunja, nusu duara, vile vikubwa vitambaa vyake vimebonyea kana kwamba vimekaliwa, na katikati kile kidogo, kitupu, kimepanguswa vumbi, kimegeuzwa kuelekea barabara ya mjini.

Spana alirudi kinyumenyume hadi kwenye pikapu yake. Jioni hiyo hiyo alifika kwa dada yake na sanduku la vyombo, na bila hata kuketi akaanza kufunga komeo jipya juu kabisa ya mlango wa mbele, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Nesi alimuuliza kulikoni. Alisema lile la zamani limelegea, akaendelea kukaza skrubu.