Shanga za Mji Dada

Ijumaa saa moja asubuhi, Naipanoi alifungua chumba cha kikundi cha watunga shanga pale Olasiti, akapiga yowe. Kola pana ya shanga, zawadi ya kumpelekea meya wa mji dada wa Arusha huko Ujerumani, ilikuwa imekatwa nyuzi zote. Yeye ndiye aliyetakiwa kuipeleka kesho yake, maana wageni kutoka mji huo walimwona akitunga wakamwalika kwa jina. Bila zawadi, alimwambia Koplo Evaresta wa polisi huku akilia, safari nayo hakuna.

Koplo alianza na mlango. Kufuli lilikuwa zima, dirisha zima. Ufunguo walikuwa nao wanakikundi na Evelyn, muuza batiki wa chumba cha pili. Wote wakamnyooshea Evelyn kidole, na hawakumwonea. Alitaka batiki zake ndizo ziende Ujerumani, na tangu Naipanoi atajwe alikuwa amenuna mpaka wateja wanamkwepa.

"Wivu ninao, afande, sikatai," Evelyn alisema. "Hata sasa ninao. Lakini mimi ningeibeba yote nikaitupe Mto Themi."

Evaresta akarudi ndani kutazama upya. Sakafuni hapakuwa na ushanga hata mmoja. Shanga zote zilikuwa mezani kwenye vifuniko vya ndoo, zimechambuliwa kwa rangi: nyekundu peke yake, nyeupe peke yake, za chungwa peke yake. Kifuniko kimoja tu kilichanganya bluu na nyeusi. Mtu wa kuja kuharibu hukata akaenda zake. Huyu alikata, kisha akakaa kuokota, kwa sababu mkono uliozoea shanga hauwezi kuziacha chini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akawaomba wanakikundi, mmoja mmoja, wamchagulie za bluu kwenye kifuniko kile. Wakachagua upesi, wakishangaa. Zamu ikamfikia Silantoi, mama mzee aliyemfundisha Naipanoi kutunga tangu utotoni, ambaye wote walimwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai.

"Shikamoo, yeyo. Nawe naomba za bluu."

Silantoi akachagua taratibu, akamwekea kiganjani. Nusu zilikuwa nyeusi.

"Macho yameanza kufifia lini, yeyo?"

"Tangu masika. Nimewaficha." Kisha mzee akamgeukia Naipanoi, na wivu wote ukamtoka mdomoni. "Mchoro ule ni wangu. Mikono hiyo nimeifundisha mimi. Wageni wakaja, wakaipiga picha, mimi wakaniambia nisogee, naziba mwanga. Jana jioni nikaona heri isiende kabisa."

Evaresta akauliza kama Naipanoi anataka kufungua kesi. Msichana, kwa hasira, akachukua sindano na uzi, akavuta kile kifuniko cha bluu na nyeusi upande wake. Vingine akavisukuma kwa mzee.

"Leo sikusamehe," alisema. "Lakini ndege ni kesho, na mchoro wa katikati unaujua wewe."

Silantoi akaburuta kigoda, akakaa mbali, kwenye kona.

"Si huko, yeyo," Naipanoi akamwambia, bado amekunja uso. "Sogea hapa dirishani. Kwenye mwanga."