Pipa la Ukumbini

Asubuhi katika nyumba ile ilianza kwa kelele. Vyumba sita, ukumbi mmoja, na midomo ishirini na miwili isiyojua kunong'ona. Kibiriti, msichana wa miaka kumi na miwili aliyepewa jina hilo kwa kuwaka upesi, alikuwa akichota maji kwenye pipa la ukumbini. Mzee Redio, aliyeishi peke yake chumba cha mwisho, alikuwa ameshaanza matangazo.

"Jirani wa pili leo hatoki ndani. Mkewe kamnyoa, kakosea, kichwa kimekuwa kama ramani."

"Mzee nawe! Umemwonea wapi?"

"Redio haiulizwi imesikia wapi."

Pipa lile lilikuwa la maji ya kunywa. Kila chumba kilikuwa na zamu ya juma moja: kuteka maji kwenye bomba la mtaa, kuyachemsha, kuyapoza na kulijaza. Hakuna aliyekagua. "Sisi ni ndugu," alipenda kusema mama mwenye nyumba. "Ndugu hawachungani."

Juma lile zamu ilikuwa ya Shangazi Sindano, mshonaji mjane mwenye pacha wachanga. Hakuwa shangazi wa damu, lakini ndiye aliyemshonea Kibiriti sare za shule bila kutaka hata asante. Jumatatu Kibiriti alirudi mapema kutoka shule akamkuta akimimina ndoo pipani. Maji yalikuwa baridi, yana rangi ya udongo.

"Shangazi, hayajachemshwa!"

"Shii! Mkaa umeniishia, mwanangu, na hawa watoto hawanipi hata nafasi ya kuhema. Ni leo tu. Usinitie aibu."

Kibiriti aliyaona macho yake, mekundu kwa kukosa usingizi. Angemchongeaje mtu anayempenda? Akachota kikombe, akanywa chote mbele yake, kumwonyesha kwamba hana neno.

Leo tu ikawa siku nne.

Ijumaa mdogo wake Kibiriti aliamka akihara na kutapika. Kufika mchana wagonjwa walikuwa watano. Ndipo mtu akakumbuka kwamba Mzee Redio hajasikika tangu asubuhi. Walipovunja mlango walimkuta sakafuni, midomo imemkauka. Alifia njiani, hata zahanati hawajaiona.

Kule zahanati, muuguzi alimtundikia mdogo wake Kibiriti dripu, kisha akawageukia watu wazima.

"Maji mnachemsha?"

"Kila siku!" alijibu mama mwenye nyumba.

"Mna hakika? Tukikosea hapa, waliobaki nyumbani wataendelea kunywa maradhi."

Kibiriti alimtazama Shangazi Sindano: kichwa chini, pacha mmoja mgongoni. Akamtazama mdogo wake: macho yameingia ndani kama ya kizee. Huenda sasa hivi, kule nyumbani, mtu alikuwa akichota.

"Hayakuchemshwa," alisema, sauti ikimkwaruza. "Tangu Jumatatu. Niliona, nikanyamaza."

Mama mwenye nyumba akamrukia mshonaji. "Umetuua, wewe!"

"Nimekosa, sikatai," Shangazi Sindano alisema huku akilia. "Mlinipenda, mkanibebea watoto, mkanisifu. Lakini nani aliniuliza kama nina mkaa?"

Mama mwenye nyumba akageuka, akakimbilia nyumbani kuwazuia wengine wasinywe.

Pipa lilimwagwa siku ileile, likasuguliwa kwa dawa. Mdogo wake Kibiriti aliruhusiwa siku ya tatu. Mzee Redio hakurudi. Nyumba ilizika, ikaweka utaratibu mpya: mkaa wa maji ni wa wote, na zamu ni ya watu wawili, mmoja achemshe, mwingine ashuhudie. Kibiriti aliomba awe na Shangazi Sindano. Siku ya kwanza walikaa kando ya jiko bila kutazamana.

Muuguzi alipokuja kukagua, aliwakuta hapo. Kibiriti akamuuliza polepole, "Kumpenda Shangazi ndiko kulikonikosesha?"

"La, mwanangu. Mliishi kwa upendo, na sitawaambia mwache. Lakini upendo hauui vijidudu. Moto ndio unaoviua, na moto unataka mkaa, unataka zamu, unataka na mtu wa kusema kweli hata kwa anayempenda. Ungesema Jumatatu, angeaibika siku moja. Sasa atajilaumu maisha yake yote, nawe pia."

Maji yalianza kutokota. Shangazi Sindano alinyoosha mkono aipue sufuria.

"Bado, Shangazi," alisema Kibiriti. "Hayajachemka sawasawa."

Shangazi aliurudisha mkono. Wakangoja pamoja. Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa wazi, na hakuna aliyewatangazia lolote.