Sijambo ya Tatu

Siku hiyo ilianza kama siku nyingine yoyote pale kwa fundi cherehani wa mtaa wetu. Alikuwa na sare kumi na mbili za shule za kumaliza kabla ya Jumatatu, redio inajisemea yenyewe juu ya kabati, na mama yake yuko kwenye benchi la wateja akishona vifungo. Kazi ya vifungo ilikuwa ya mama huyo miaka nenda miaka rudi, hata mtaa mzima ukamwita Mama Vifungo, na watoto wa juzi hawakujua kama aliwahi kuwa na jina jingine.

Saa tatu na nusu asubuhi fundi akaona kifungo kimeshonwa upande wa nyuma wa shati. Alitaka kumtania, maana mama yake hakuwa mtu wa kukosea vifungo hata akifumba macho. Kisha akamtazama usoni. Uso umeloa jasho, na mkono wa kushoto ameulaza mapajani kama mzigo wa mtu mwingine.

"Mama, unaumwa?"

"Sijambo. Kiungulia tu."

Mama Vifungo alikuwa mtu wa namna hiyo. Alijifungua huku chungu kikiwa jikoni, akasema sijambo. Aliteguka mguu akautembelea siku mbili, sijambo. Alilelewa akaambiwa kwamba mtu mzima hamwagi shida zake mbele za watu, naye akalishika neno hilo kama wengine wanavyoshika dini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kubishana na Mama Vifungo. Ilibidi fundi amdanganye kwamba ni yeye mwenyewe anayekwenda kupimwa, ndipo mama akakubali kupanda teksi amsindikize.

Mlangoni pa chumba cha dharura palikuwa na nesi, meza ndogo na kadi za plastiki za rangi tatu. Mwenye nyekundu anaingia moja kwa moja, mwenye njano anangoja kidogo, mwenye kijani anangoja mpaka wenzake waishe. Nesi anamtazama mtu, anamuuliza maneno mawili matatu, anampa rangi yake. Mbele yao alikuwa seremala aliyejikata kidole kwa msumeno. Alikuwa analia na kumwita marehemu bibi yake huku damu ikidondoka sakafuni, akapewa njano. Mwanamke aliyebeba mtoto wa degedege hakupewa kadi yoyote, alipitishwa mbio. Kisha ikawa zamu yao, na siri ya nani mgonjwa ikabidi itoke.

"Shikamoo mama. Hujambo?" nesi aliuliza, macho yakiwa kwenye daftari.

"Marahaba, sijambo mwanangu. Pole na kazi. Wahudumie kwanza wenye shida."

Kijani, namba kumi na saba.

Fundi alifungua kinywa aeleze habari ya jasho na mkono, lakini mama alimkanyaga kidogo chini ya meza, kama alivyokuwa akimkanyaga utotoni mbele ya wageni. Akanyamaza. Ana miaka arobaini na moja, na akanyamaza. Aibu hiyo hajaimaliza mpaka leo.

Pa kungojea palikuwa na benchi refu kando ya ukuta. Watu walikaa kwa kufuata foleni, na mtu akiitwa wote wanasogea. Juu yao palikuwa na kibao kilichoandikwa "Subira huvuta heri," na mwenye mzaha mmoja alikuwa ameongeza kwa kalamu, "na usingizi." Mama Vifungo alikisoma akacheka kidogo, kisha akashika kifua, kisha akajifanya anatengeneza kola.

Saa ya pili ya kungoja ndipo fundi alipogundua. Katikati ya benchi, karibu na nguzo, palikuwa na nafasi tupu ya mtu mmoja, na juu yake mtandio wa buluu uliokunjwa vizuri. Watu waliposogea wakafika hapo, waliinuka, wakairuka nafasi ile, wakakaa upande wa pili. Hakuna aliyelalamika na hakuna aliyeutazama mtandio.

"Kaka, hapa pana mtu?" alimuuliza seremala.

"Yupo. Katoka mara moja."

"Umemwona?"

Seremala alifikiri, akakitazama kidole chake. Alisema hapana, yeye mwenyewe aliambiwa hivyo alipofika.

Seremala aliitwa. Watu wakasogea, na Mama Vifungo akafika kwenye mtandio. Yeye hakuuruka. Alikaa kando yake, akajivuta kidogo kama mtu anayempisha jirani, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Sijambo," alisema.

Fundi alitazama upande ule. Hapakuwa na mtu.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na huyu dada. Kanisalimu."

Fundi aliondoka hapo, akaenda kwa nesi, akamwambia mama yake sasa anaona vitu. Nesi hakuwa na ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, na alijibu kwa sauti ya mtu ambaye hajakaa chini tangu alfajiri: ndani kuna nyekundu wanne na daktari mmoja, wenye kijani wavumilie kidogo.

Aliporudi, msafishaji wa zamu alimzuia kwa mpini wa fagio la maji. Alikuwa mama wa makamo, ndoo miguuni, na alinong'ona bila kugeuza kichwa.

"Yule pale ni mama yako? Mwondoe."

Akamweleza harakaharaka. Mwaka juzi kulikuwa na mwanamke mwenye mtandio ule. Alipewa kijani. Manesi waliopita walimuuliza hujambo mara tatu, na mara tatu akasema sijambo, wapeni wengine. Asubuhi msafishaji alipopiga deki, mwanamke yule aliinua miguu ampishe. Jioni alipopiga tena, hakuinua. Msafishaji alidhani amelala, akapitisha fagio kuzunguka viatu vyake. Baadaye mtandio ule aliupeleka stoo. Aliuchoma moto kwa mkono wake. Kila asubuhi anaukuta palepale, umekunjwa.

"Anawasalimu walionyamaza," alisema. "Ukimjibu, maumivu yanatulia. Ukimjibu mara ya tatu, unangoja naye. Nimeshapiga deki kuzunguka miguu ya wengine wawili." Sasa akageuka. "Mama yako kajibu mara ngapi?"

Fundi alikimbia.

Mama yake alikuwa anatabasamu. Jasho limekauka. Midomo imekuwa ya rangi ya majivu.

"Maumivu yamekwisha, mwanangu. Nasikia usingizi tu."

"Umemjibu mara ngapi?"

"Mara mbili. Sasa mtu akikusalimu utamnunia?"

Fundi alimshika kwapani amwinue. Hakuinuka. Mwanamke mwembamba yule, ambaye mwezi uliopita alimbeba mgongoni kuvuka tope, alikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Watu wa pale benchini walitazama mbele. Hakuna aliyegeuka. Kisha Mama Vifungo akageuza uso kuelekea mtandio. Alisikiliza. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeulizwa jambo jema, na midomo yake ikafunguka.

Fundi akamziba mdomo.

Kumziba mama yako mzazi mdomo mbele za watu si jambo dogo. Chini ya kiganja alisikia neno likijaribu kutoka. Si. Ja. Akakaza. Ndipo juu ya mkono wake akahisi mkono mwingine. Ulikuwa wa baridi, umelowa maji, na hauna haraka. Ukaanza kumwinua vidole. Kimoja. Halafu cha pili.

"Ni uongo!" alipiga kelele, yeye ambaye hajawahi kumpandishia mteja sauti. "Sijambo yake ni uongo! Mama yangu anakufa hapa, na nyote mnapita!"

Mkono ule uliachia.

Nesi alikuja akikimbia, akashika kifundo cha mkono wa mama, na uso wake ukabadilika. Hakuuliza kadi. Machela ililetwa, mlango ukafunguka, na fundi akabaki amesimama akitazama soli za viatu vya mama yake zikiingia ndani. Alilia kwa sauti, na hakujali nani anasikia.

Ulikuwa moyo. Daktari alisema robo saa zaidi isingemkuta hai. Jioni nesi alimfuata fundi ukumbini, akauliza kwa nini hakuambiwa.

"Uliambiwa," fundi alimjibu. "Mama akisema sijambo, ujue anaumwa."

Baada ya siku tisa Mama Vifungo alirudi nyumbani, na baada ya wiki tatu akarudi kwenye benchi lake na kopo lake la vifungo. Fundi alimwekea sharti moja: neno sijambo asilitamke tena maishani. Kwa hiyo ukimsalimu anakuorodheshea goti, usingizi mchache na tumbo kujaa gesi, na majirani wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wanadhani uzee umemwingia. Hawajui kwamba ana sijambo mbili mkononi na imebaki moja.

Alhamisi iliyopita, saa sita mchana, duka lilijaa. Bibi harusi mmoja aliyekuja kupimwa gauni alikuwa amesimama, na benchini kando ya Mama Vifungo palikuwa peupe.

"Kaa basi, mwanangu," fundi alisema, akitoa pini mdomoni.

"Pana mtu, fundi. Katoka mara moja."

Mkasi ulimponyoka fundi. Mtandio wa buluu ulikuwa hapo, umekunjwa, pindo limelowa, na harufu ya sabuni ya kupigia deki ilikuwa imeshaenea chumba kizima. Mama yake ameshika sindano hewani. Alikuwa amegeukia upande ule, midomo ameibana kwa nguvu kama mtoto anayekataa dawa, na machozi yanamtiririka. Katika miaka sabini na mbili hakuwahi kumnyima mtu jibu la salamu.

Benchi lile lilipasuliwa siku hiyohiyo, likawa kuni. Wateja wa fundi sasa wanangoja wamesimama, na Mama Vifungo anashonea vifungo vyake kwenye kigoda mlangoni. Foleni huanzia kwake. Lakini kati yake na mteja wa kwanza daima huachwa nafasi ya mtu mmoja, na ukiwauliza wateja wanamwachia nani, wanashangaa, maana hawakujua kama wameiacha. Jioni fundi anapofagia, hapo penye nafasi sakafu huwa na unyevu.